Kwa Mama, Uliyenitangaza Barabara Nzima

Mama yangu mpendwa,

Nimekaa mezani hapa Bilele, mjini Bukoba, ingawa kukaa kwenyewe ni jina tu. Nimeshasimama kuangalia mvua, nimesimama tena kukaza cheni ya pikipiki, nimesimama kuhakikisha dumu la petroli halivuji. Halivuji. Nililihakikisha hata jana. Ungekuwepo ungeniambia, "Koku, kaa kitako, hata kuku hutulia akitaga." Lakini haupo. Umelala Buganguzi, chini ya migomba ya kibanja chetu, na mimi kesho asubuhi naondoka kwenda mbali kuliko nilivyowahi kwenda.

Nimepangiwa vijiji vipya vya ujamaa kule kusini, ukishaipita Muleba ukaendelea kuelekea Biharamulo mpaka migomba inakwisha. Mkubwa wangu wa kazi aliuliza mkutanoni ni Bibi Maendeleo gani, kati yetu tunaofundisha akina mama vijijini, yuko tayari kwenda. Aliuliza huku akitazama dari, maana alijua hatapata mtu. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Akasema huko hospitali iko mbali. Nikasema mimi siumwi. Neno hilo ndilo linaloninyima usingizi, Mama, kwa sababu ninaumwa. Wewe ulijua, na barabara yote ya kwetu ilijua kwa sababu uliwaambia. Huko niendako hakuna anayejua, na siku nikianguka hakuna atakayefahamu anipe nini. Natamani uwepo unikataze, ili nipate mtu wa kubishana naye.

Unakumbuka ilivyoanza? Uhuru ulikuwa bado mpya, nami msichana wa shule. Nilirudi likizo nimekonda, namaliza maji ya mtungi peke yangu kisha nauliza kama yapo mengine. Ukaona sisimizi wamejaa nyuma ya nyumba, pale nilipokuwa nikienda kukojoa. Ulinipeleka kwanza kwa bibi wa mitishamba, rozari ukiwa umeificha kwenye mkunjo wa kitenge, kisha ukanipeleka hospitali ya misheni. Daktari akatueleza kwamba sukari imezidi kwenye damu yangu, na kwamba ugonjwa huu hauponi, unatunzwa tu maisha yote.

"Waitu, daktari," ulimwambia, "sukari gani? Sisi chai yenyewe tunaionja Krismasi."

Nesi akakufundisha kuchemsha bomba la sindano na kuvuta dawa. Mimi nililia. Wewe uliomba uende nalo nyumbani ukafanye mazoezi, ukachoma sindano ndizi mbichi karibu mkungu mzima, mpaka jirani akauliza ni dawa gani hiyo ya wadudu. Halafu ukaambiwa chupa ya dawa inataka ubaridi, na barafu sisi tulikuwa tunaisikia tu. Ukachukua mgomba uliokwisha kuvunwa, ukakata kipande cha shina, ukakitoboa katikati, ukaisokomeza chupa humo ikiwa imefungwa kitambaa. Shina la mgomba limejaa maji na ubaridi wake hautoki upesi. Tangu hapo kila ninapolala safarini nakata kipande kipya, na sijapata kukutana na mwenye kibanja aliyeninyima.

Lakini maisha yale yalinichosha mapema. Sindano, kula, kungoja, sindano, kula tena. Wenzangu walikuwa wakikimbia kwenda kutazama meli ikitia nanga Bukoba, mimi nangoja ndizi ziive jikoni kwanza. Nilihisi nimefungwa kamba mguuni, na kamba yenyewe nimeibeba mwenyewe. Nilipomaliza mafunzo na kupewa kazi ya Bibi Maendeleo, nilidhani kutembelea vijiji kutanituliza. Hakukunituliza. Nilichoka kungoja malori.

Ndipo nikaipata pikipiki. Ilikuwa ya ofisi. Bwana aliyeitumia alihamishwa, na wakati mabwana wengine wakibishana nani arithi, mimi nilikuwa nimeshajifunza kuiendesha kwenye miteremko ya Kibeta. Nilianguka mara nyingi kuliko zile nilizokusimulia. Siku niliyokuja nayo Buganguzi ulitoka jikoni na kisu cha kumenyea ndizi mkononi.

"Koku! Umeipanda kama mwanamume!"

"Nimevaa suruali ndani, Mama."

"Watu hawaoni ya ndani. Angalau ukae upande."

"Anayekaa upande ni abiria. Dereva akikaa upande, safari inaishia mtoni."

Ulipiga ishara ya msalaba, ukaizunguka, ukagusa bomba la moshi ukaungua kidole. Ukaitukana kwa Kihaya, matusi ambayo sikujua kama unayajua. Lakini haukupita muda mrefu ukaanza kupanda nyuma yangu kwenda kanisani, umekaa upande, mkono mmoja umenizunguka kiuno, ukinisomea litania sikioni kila tulipokata kona. Kila mtakatifu alikuwa na kona yake. Sijawahi kucheka barabarani kama nilivyocheka siku zile, na nilikuwa na furaha, Mama, furaha ya kweli. Juu ya pikipiki mwili huu ulikuwa wangu. Ulikwenda nilikotaka.

Hukunikataza kusafiri. Ulinitangaza. Ulijaza kikapu chako kidogo kahawa ya kutafuna, ile ya kibanja chetu uliyoichemsha na majani ya harufu na kuianika, ukaingia nyumba kwa nyumba za kando ya barabara kutoka Buganguzi hadi Muleba. Kwetu anayepokea kahawa ya mgeni akaitafuna amepokea na neno lililokuja nayo. Wote wakatafuna. Na neno lako lilikuwa hili: "Mwanangu ana ugonjwa wa sukari. Asipewe kitu kitamu. Hata akiomba, mkataeni."

Mimi sikujua lolote mpaka siku ya mkutano wa akina mama, karibu na Muleba. Kila mtu alipewa omuramba, ile juisi ya ndizi mbivu kabla haijachacha ikawa pombe ya rubisi. Mimi nikaletewa maji. "Mama yako alishatuambia, pole sana," akanong'ona aliyenihudumia, akinishika bega kama mtu aliyefiwa. Habari ikasafiri upesi kuliko pikipiki. Mwalimu mmoja wa Kibeta aliyekuwa akija kunisalimu kila Jumapili alipatwa ghafla na kazi nyingi za Jumapili. Nilikuja kwako siku hiyohiyo, injini hata sikuizima.

"Umenitangaza kama mbuzi aliyepotea!"

"Mbuzi akitangazwa hurudi nyumbani," ulijibu, ukaendelea kumenya ndizi.

Nilikukasirikia, na hasira ile haikwisha upesi. Nani alikutuma? Ugonjwa ni wangu, na siri ilikuwa yangu. Nilikuwa nakuja Buganguzi, nakula, naondoka, nikijibu maswali yako kwa ndiyo na hapana. Wewe ulinifungia chakula cha njiani kwenye jani la mgomba vilevile kama zamani, ukanikabidhi bila kunitazama.

Kisha ikafika siku ile ya Mama Justa. Unaijua kwa upande wako, acha nikusimulie wa kwangu, maana hatukuwahi kukaa tukaizungumza. Mama Justa ni yule mwenye nyumba penye kona, kabla hujaingia Muleba. Asubuhi nilijichoma sindano nikaenda mkutanoni, ambako bwana kutoka mkoani alikuja kutueleza Azimio la Arusha. Alieleza vizuri. Tatizo wazee nao walitaka kumjibu, kila mmoja kwa hotuba yake, na chakula kilikuwa kinangoja hotuba ziishe. Dawa imeingia mwilini, chakula hakijaingia. Niliona haya kusema nina njaa mbele ya watu wale. Nikachomoka, nikapiga kiki, nikisema nitakula kwa Mama Justa.

Barabara ikawa mbili. Nilichagua moja, haikuwa yenyewe. Jasho la baridi lilinitoka, mikono ikatetemeka, gia sikumbuki iko wapi. Pikipiki ikaingia mtaroni, na mimi nikaingia kibanjani kwa Mama Justa kwa magoti.

Siku hiyo mumewe na shemeji zake walikuwa wanakamua. Ndizi mbivu zimo ndani ya ule mtumbwi wa mti pamoja na nyasi, wanazikanyaga, omuramba umejaa, harufu yake inafika barabarani.

"Nipe omuramba, Mama Justa."

"Siwezi, mwana wange. Nilitafuna kahawa ya mama yako."

"Nitakufa."

"Ukinywa ndiyo utakufa. Chukua maji."

Akanipa maji kwa mikono miwili, masikini, kwa heshima yote. Nilitaka kumweleza kwamba ugonjwa huu una pande mbili, lakini ulimi ulikuwa mzito na maneno yalitoka yamepinda. Shemeji mmoja akasema Bibi Maendeleo amelewa. Basi nikatambaa. Unajua kwamba kukamua ni kazi ya wanaume, na mwanamke akiugusa mtumbwi ule wanasema pombe yote imeharibika. Mimi nilitumbukiza uso mzima, katikati ya nyasi na miguu ya shemeji, nikanywa. Nikanywa mpaka dunia ikarudi kuwa moja.

Mama Justa alipiga yowe la msiba. Akamtuma mtu kwa baiskeli hadi Buganguzi akuambie kwamba Koku amekunywa sumu. Ulikuja umekaa nyuma ya baiskeli hiyohiyo, bila viatu, kitenge umekifunga kinyume, macho yamevimba. Ulikuwa umeshanililia njia nzima. Ukanikuta chini ya migomba nakula ndizi na maharage, nagombana na shemeji anayenidai pombe yake.

Ulinishika uso kwa mikono miwili, ukaninusa mdomo.

"Umekunywa?"

"Nimekunywa."

"Na ndiyo imekuponya?"

"Ndiyo, Mama. Sukari ikizidi naumwa. Ikiniishia nakufa."

Ulikaa palepale kwenye udongo. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyewafundisha wakuue," ulisema. Mimi nami hasira yangu niliitafuta sikuiona.

Yaliyofuata nimeyajua juzi tu, tulipokuzika. Mama Justa ndiye aliyenisimulia, tukiwa tunaosha vyungu. Kumbe ulijaza kikapu upya ukairudia barabara yote kwa miguu, na lile goti lako bovu, ukiingia nyumba zilezile kulifuta neno la kwanza na kuweka la pili. Kwingine walikucheka, kwingine walikuambia wazi kwamba mama gani huyu asiyejua mwanawe anaumwa nini. Ulivumilia ukatoa kahawa. "Akiwa mzima msimpe," uliwaambia. "Akitetemeka, akitoka jasho, akiongea upuuzi, mpeni haraka, hata akikataa." Mzee mmoja akauliza, "Akiongea upuuzi? Huyu si huongea upuuzi kila siku? Tutatambuaje?" Ukamjibu, "Upuuzi wake wa kawaida anausema kwa kelele. Ule wa ugonjwa anausema polepole." Na nyumba zilipoisha Muleba ukapanda lori la kahawa la ushirika, ukawa unashukashuka njia yote hadi Bukoba.

Mimi niliona matokeo tu. Nilianza kusimamishwa. Mtu anatoka kibanjani na kibuyu cha omuramba, anasimama katikati ya barabara. "Koku, unatetemeka!" Namwambia ni barabara hii mbovu inayonitetemesha. "Sema kitu kingine tusikie," ananiambia, na mpaka nipige kelele ndipo ananipisha. Nilichelewa mikutano mingi kwa sababu yako. Lakini zipo siku ambazo kweli nilikuwa natetemeka, na kibuyu kilifika mdomoni kabla sijaomba. Niko hai kwa sababu hiyo.

Sasa nikuambie ukweli wa kwa nini nilinyoosha mkono. Tangu ugonjwa wa kifua ukuchukue haraka vile, siwezi kutulia mahali popote. Nikiwa Bilele nataka Buganguzi, nikifika Buganguzi naona mlango wako umefungwa nageuza pikipiki. Na njiani kila nyumba inanitazama kwa macho yako. Wananiuliza nimekula, wananiuliza nimelala. Nilitaka barabara ambayo hakuna anayenijua. Nimeipata, na naiogopa. Naogopa sana, Mama. Ninaweza bado kwenda kwa mkubwa wangu kesho asubuhi nikasema nimebadili mawazo.

Mvua imekata. Ngoja nikaangalie tena lile dumu.

*

Naendelea kuandika, Mama, na sasa niko kijijini. Sikwenda kwa mkubwa.

Niliondoka Bukoba ukungu ungali juu ya Kibeta. Kwenye kona yake, Mama Justa alikuwa amesimama barabarani kama kawaida, safari hii na chakula kilichofungwa kwenye jani na kipande cha shina la mgomba, kinene, kinachotona maji. Hatukuagana sana. Muleba nikaipita. Baadaye vibanja vikaanza kuachana, katikati yake nyasi, kisha nyasi zikawa nyingi kuliko vibanja, kisha nikatambua kwamba ni muda sijaona mgomba. Mbung'o wakanifuata, wanauma juu ya shati. Nikapata pancha, nikaziba mwenyewe, mikono michafu, nikiiangalia mikono ile kila mara kama inatetemeka. Nilikula kila wakati wa kula. Nilikuwa naongea peke yangu kwa sauti, nikijisikiliza kama naongea kwa kelele au polepole. Barabara ilibaki moja mpaka mwisho.

Kijiji chenyewe ni nyumba mpya za udongo zimepangwa mistari miwili, na watu ni wa kutoka kila upande: Wazinza, Wasukuma, Wasubi, na Wahaya wachache wanaolalamikia chakula. Kiongozi wa akina mama ni Msukuma, Mama Kulwa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alinipokea, akanipa chumba, akaiweka pikipiki ndani pamoja na mbuzi wake. Lile shina la Mama Justa lilikuwa limeanza kukauka. Nililimwagia maji, nikajua kwamba nikimaliza hili hakuna jingine, itabidi nijaribu kuipoza dawa kwa mtungi na mchanga wenye maji.

Asubuhi akina mama wakakusanyika. Nikazungumza kuhusu shamba la pamoja, vyoo, kuchemsha maji ya kunywa. Mama Kulwa akauliza kama kuna mwenye swali. Hakuna. Nikakaa. Nikasimama. Nikakaa tena. Mama Kulwa akaniuliza kama nimekalia siafu.

Nikasimama. "Kuna jambo jingine," nikasema. "Mimi ni mgonjwa."

Sikuwahi kulisema neno hilo kwa mdomo wangu, Mama. Umri wote huu ulinisemea wewe. Nikawaeleza kuhusu sukari, sindano, upande mmoja wa ugonjwa na upande wa pili. Mwanamke aliyekuwa karibu yangu akamvuta mtoto wake kidogo.

"Unaambukiza?" akauliza Mama Kulwa.

"Hauambukizi."

"Hapa hatuna ndizi mbivu. Asali inafaa?"

"Inafaa."

"Asali ipo, kila nyumba." Akafikiri. "Huko kwenu nani alikuwa anakuangalia?"

"Mama yangu."

"Yuko wapi?"

"Amefariki."

Hakunipa pole. "Sasa sisi hatujakuona ukiumwa," akasema. "Tutakujuaje? Hebu tetemeka tukuone."

Nikasimama mbele ya watu nisiowajua, mzima kabisa, nimeshiba, nikatetemeka. Mikono, kidevu, magoti. Nikaongea upuuzi, polepole. Watoto wakaanza kuniiga, akina mama wakacheka mpaka wakashikana, na mimi machozi yakanitoka nikiwa katikati ya kutetemeka, sikuweza kuyazuia.

"Tena," akasema Mama Kulwa. "Wa nyuma hawajaona."

Nikarudia.

Pumzisha goti lako sasa, Mama. Kuanzia hapa kwenda mbele nitajitangaza mwenyewe.

Ni mimi,
binti yako asiyekaa kitako.